Mwalimu Mzee Aliyefukuzwa Kwake: Ni Msaada Gani Unaojenga Amani?

Somo kwa familia zilizohamishwa na kwa viongozi wa mitaa, Kolwezi na mkoa wa Lualaba



Katika komine za Dilala na Manika, na katika miji midogo iliyo kando ya reli yetu, wako wazee ambao bado wanaitwa "Mwalimu" ingawa hawajashika chaki kwa miaka mingi. Wengine walifundisha shule za msingi. Wengine walikuwa wakuu wa sekondari, wakaguzi wa shule, wahadhiri, au waalimu wa mafundi na wauguzi. Walifukuzwa mahali walipofundisha kwa sababu ya kabila lao au mawazo yao. Wamezeeka mbali na shule zao, na mara nyingi hawana hata karatasi moja ya kuonyesha kazi waliyoifanya.

Shabaha ya somo hili ni tatu. Kwanza, tukumbuke kwa ukweli namna wasomi hawa walivyopoteza mahali pao. Pili, tuone wengine duniani waliwasaidiaje wasomi waliofukuzwa, na sisi tunaweza kuchukua nini kwao. Tatu, tupange kazi ambayo kikundi chochote cha mtaa kinaweza kuifanya bila kungoja fedha nyingi.

Jambo moja tuliseme tangu mwanzo. Mtu aliyekuwa na miaka 40 mwaka 1993 leo amepita miaka 70. Wenzake wanaoweza kutoa ushahidi kwamba alifundisha nao wanapungua kila mwaka. Kwa hiyo somo hili lina haraka yake.

1. Tunamzungumzia nani?

Tuanze na maneno, kwa sababu msaada mwingi hupotea pale ambapo maneno hayako wazi.

Mkimbizi, kwa maana ya Mapatano ya mwaka 1951, ni mtu aliyevuka mpaka wa nchi yake kwa kuogopa kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, taifa, kundi la jamii au mawazo ya siasa. Mkongo aliyekimbilia Zambia akapokelewa katika makazi ya Meheba, karibu na Solwezi, ni mkimbizi. Vilevile Wakongo wapatao 35,000 waliovuka kuingia Angola mwaka 2017, wakati wa vita vya Kasai, walikuwa wakimbizi.

Lakini mtu aliyefukuzwa Kolwezi akapelekwa Mwene-Ditu hakuvuka mpaka wowote. Huyo anaitwa mhamishwa wa ndani. Mateso yake yanaweza kuwa sawa na ya mkimbizi, au hata kuyazidi, lakini ulinzi wake unabaki kwanza mikononi mwa serikali ya nchi yake. Umoja wa Mataifa ulitoa Kanuni za Uongozi juu ya watu wa namna hii mwaka 1998. Umoja wa Afrika nao ulipitisha Mapatano ya Kampala tarehe 23 Oktoba 2009, nayo yakaanza kufanya kazi tarehe 6 Desemba 2012. Katika maandiko hayo yote mawili wazee wametajwa waziwazi kati ya watu wanaohitaji uangalizi wa pekee. Tena maandiko hayo yanataka wakuu wa serikali wawasaidie waliohamishwa kupata upya hati walizopoteza.

Kiongozi wa mtaa akilijua hili, hatamwambia tena mzee: "Wewe si mkimbizi, hatuna la kukufanyia."

2. Yaliyotokea kwetu

Wengi wa vijana wetu walizaliwa baada ya mambo haya. Tuyaeleze kwa ufupi, bila chumvi na bila kuficha.

Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906. Ilihitaji wafanyakazi wengi kuliko waliopatikana karibu na machimbo, ikawatafuta mbali, hata Kasai. Mwaka 1928 reli iliunganisha Bukama na bandari ya mto Kasai iliyoitwa Port-Francqui, leo Ilebo, na safari ikawa rahisi. Watu wa Kasai walikuja kama wafanyakazi wa machimbo na wa reli, kama makarani, na baadaye kama waalimu. Watoto wao walizaliwa Likasi, Kolwezi na Lubumbashi, wakasoma hapa, wakaoa hapa, wakazika wazazi wao hapa. Wengi wao hawakuwahi kuiona Kasai kwa macho.

Mwaka 1990 na kuendelea, mambo mawili yalikutana. La kwanza ni kuanguka kwa kazi. Gécamines iliyokuwa ikitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 ilishuka hadi chini ya tani 50,000 mwaka 1993. Mgodi wa Kamoto ulibomoka mwaka 1990. Mishahara ikachelewa, na watu wakaanza kuulizana nani ana haki ya kazi chache zilizobaki. La pili ni siasa ya Kinshasa. Mwezi wa Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Hapa kwetu gavana alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza, wa chama cha UFERI, na vijana wa chama hicho walikuwa wamepangwa mitaani.

Kabla ya watu kufukuzwa, lilitangulia neno. Watu wa Kasai waliitwa "bilulu", yaani wadudu. Kila mmoja wetu anajua mdudu hufanyiwa nini. Likasi iliwaka kati ya Agosti na Septemba 1992. Kolwezi ilifuata mwezi wa Machi 1993. Nyumba zilichomwa au zilichukuliwa, watu waliuawa, na makumi ya maelfu wakakimbilia stesheni na majengo ya shule wakingojea treni. Wengine walingoja majuma, wengine miezi. Watoto na wazee walikufa kwa njaa na magonjwa kabla ya kupanda, na wengine walikufa ndani ya mabehewa yaliyojaa kupita kiasi njiani kuelekea Mwene-Ditu na Kananga. Kwa jumla mamia ya maelfu ya watu walilazimika kuhama. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwezi wa Oktoba 2010, ambayo inachunguza makosa makubwa yaliyofanyika nchini Kongo toka Machi 1993 hadi Juni 2003, inayataja mateso haya ya Katanga.

Tuongeze mambo mawili ili tuwe wakweli kwa kila upande. Wako Wakatanga waliowaficha majirani zao, wakawapa chakula au wakawatunzia vitu vyao. Na malalamiko ya Wakatanga juu ya nafasi za kazi na za shule hayakuwa ya kubuniwa yote: wazazi wengi waliona watoto wao wakibaki nyuma katika nchi ya babu zao. Kosa halikuwa kulalamika. Kosa lilikuwa kumfanya jirani kuwa jibu la lalamiko.

Na shule? Mwalimu alipofukuzwa, darasa halikuhama naye. Watoto wa Katanga waliobaki walikaa mbele ya ubao mtupu. Hospitali na karakana nazo zilipoteza watu wenye ujuzi. Yaani mji uliofukuza waalimu wake ulijifukuzia watoto wake elimu.

3. Wengine waliwasaidiaje wasomi waliofukuzwa?

Mambo kama haya yametokea penginepo. Tarehe 7 Aprili 1933 serikali ya Wanazi huko Ujerumani ilitoa sheria ya kuwaondoa kazini watumishi wa serikali Wayahudi na wale waliopinga siasa yake. Waprofesa wengi walijikuta nje kwa siku moja. Mwezi uliofuata, huko Uingereza, William Beveridge na wenzake waliunda baraza la kuwasaidia. Mwanasayansi Ernest Rutherford akawa rais wake wa kwanza. Baraza hilo liko hata leo, kwa jina la Cara, na linawasaidia wasomi walio hatarini kutoka nchi nyingi. Huko Marekani, mtandao wa Scholars at Risk ulianzishwa Chicago mwaka 1999, na mfuko wa Scholar Rescue Fund ukafuata mwaka 2002.

Lakini mfano unaotugusa zaidi ni mwingine. Mwaka 1936 huko New York, wakimbizi wenyewe waliotoka Ujerumani, akiwemo mwanatheolojia Paul Tillich, waliunda chama wakakiita Selfhelp, maana yake kujisaidia wenyewe. Mwanzoni kilitafutia watu kazi na makao. Miaka ikapita, na wale waliokuja wakiwa na nguvu wakazeeka mbali na kwao, wengine bila watoto wala ndugu. Chama hakikusema, "Kazi yetu imekwisha." Kiligeuza kazi yake, kikaanza kuwatunza wazee majumbani mwao.

Tunachukua nini katika historia hiyo? Mambo matatu:

(a) Msomi aliyefukuzwa alipewa nafasi ya kazi, si mkate tu. Waliomsaidia walijua kwamba mtu wa vitabu asipopata wa kumfundisha anakufa kabla ya siku zake.

(b) Wenzake wa kazi walimshuhudia. Mtu aliyekimbia bila hati hutambuliwa kwa sauti za wale waliofanya kazi naye.

(c) Msaada uliendelea hadi uzeeni. Kufukuzwa ni kwa siku moja, lakini matokeo yake ni ya maisha.

Sasa tulinganishe na kwetu. Profesa Valentin-Yves Mudimbe alizaliwa Likasi mwaka 1941, wakati mji ukiitwa Jadotville. Alifundisha chuo kikuu Lubumbashi. Utawala wa Mobutu ulipotaka kumwingiza katika Kamati Kuu ya chama kimoja, hakukubali, akaondoka nchini karibu na mwaka 1980. Alifundisha katika vyuo vikuu vya Marekani, akaandika vitabu vinavyosomwa dunia nzima, akafariki huko mwezi wa Aprili 2025. Alipotoka, vilikuwepo vyuo vilivyolijua jina lake na vilivyoweza kumpokea.

Mwalimu wa darasa la tano aliyetolewa Likasi mwaka 1992, mji uleule alimozaliwa Mudimbe, hakuwa na chuo cha kumpokea. Mifuko mikubwa ya kimataifa haikuwekwa kwa ajili yake: inatafuta wahadhiri wenye vitabu na utafiti, na mara nyingi inatafuta wale wanaohitaji kuvuka mpaka. Huyu hakuandika kitabu. Alichoandika kiko katika vichwa vya wale aliowafundisha kusoma. Kama sisi wa mtaa hatumshughulikii, hakuna mwingine.

4. Mzee huyu amepoteza nini?

Tuchukue mfano wa kufikiri tu. Si habari ya mtu mmoja. Mwalimu alifundisha Kolwezi tangu mwaka 1975. Mwaka 1993 alipanda treni na mke na watoto watano. Alifundisha kwa muda huko Mwene-Ditu bila kulipwa na serikali, kwa sababu namba yake ya matrikule ilibaki katika orodha ya Kolwezi. Baada ya mwaka 2000 alirudi, kwa kuwa binti yake aliolewa huku. Nyumba yake ina watu wengine. Shule yake ina mkuu mwingine. Leo anakaa katika chumba cha nyuma kwa mkwe wake. Macho yamefifia. Wajukuu wanamwona kama mzee asiye na pato.

Tukimwuliza mzee kama huyu anahitaji nini, tutasikia mambo ya namna nne.

Kwanza, mwili: chakula, dawa ya presha, miwani. Miwani ni kitu kidogo, lakini kwa mtu aliyeishi kwa kusoma ni mlango unaofunguliwa tena.

Pili, hati: diploma, barua ya kuajiriwa, namba ya matrikule, kadi ya akiba ya uzeeni, cheti cha kuzaliwa.

Tatu, kazi: jambo la kufanya ambalo linamhitaji yeye.

Nne, jina: kutambuliwa mbele ya watu kwamba alikuwa mwalimu, na kwamba alitendewa uovu.

Misaada mingi huishia kwa la kwanza. Gunia la unga linaletwa, picha inapigwa, gari linaondoka. Hatulidharau gunia, maana njaa haina diploma. Lakini gunia likiisha mzee anabaki pale alipokuwa, tena amezoea kuhesabiwa kuwa mwombaji. Msaada unaojenga amani unagusa yote manne.

5. Namna ya kutafuta hati zilizopotea

Kazi hii inadai uvumilivu zaidi ya fedha. Kikundi cha mtaa kinaweza kuifuata kwa hatua hizi:

Hatua ya kwanza: andika historia ya kazi ya mzee katika daftari moja. Majina ya shule, miaka, darasa alilofundisha, mkuu wa shule wa wakati huo, wenzake waliokuwa naye. Fanya hivyo kwa siku kadhaa, kwa utulivu. Kumbukumbu ya mzee haiji kwa kulazimishwa.

Hatua ya pili: tafuta mwenye kutunza orodha. Tangu mapatano ya mwaka 1977 kati ya serikali na makanisa, shule nyingi nchini zinasimamiwa na Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu au Waislamu. Kwa hiyo jina la mwalimu linaweza kupatikana katika ofisi ya uratibu ya dini husika hata pale ambapo ofisi ya serikali ilichomwa au imehamishwa. Kwa mtu wa Gécamines, ulizeni pia ofisi ya watumishi ya kampuni, kwa sababu ilikuwa na shule zake yenyewe.

Hatua ya tatu: pateni mashahidi wawili au watatu waliofanya kazi naye. Maneno yao yaandikwe, yatiwe sahihi, na yapelekwe katika ofisi ya komine ili yathibitishwe. Ikiwezekana, shahidi mmoja awe wa kabila tofauti na la mzee. Ushahidi huo utakuwa na uzito zaidi, na wenyewe ni tendo la upatanisho.

Hatua ya nne: tofautisheni njia za pensheni. Mwalimu wa serikali ana njia yake, na mfanyakazi wa kampuni ana yake. Akiba ya wafanyakazi wa kampuni ilikuwa mikononi mwa INSS tangu mwaka 1961. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ilileta utaratibu mpya, na sasa shirika hilo ni CNSS. Watumishi wa serikali wana mfuko mwingine, CNSSAP, ulioundwa mwaka 2015. Kupeleka dosie mahali pasipo pake ni kupoteza mwaka mzima.

Hatua ya tano: tunzeni hati. Asili ibaki kwa mzee, na fotokopi moja ikae kwa mtu mwingine anayeaminiwa. Watu wa Kolwezi wa mwaka 1993 walijifunza kwamba nyumba ikiungua, kila kitu kilichokuwa mahali pamoja kinakwenda pamoja.

Neno la tahadhari. Sheria namba 22/065 ya tarehe 26 Desemba 2022 inahusu ulinzi na fidia kwa wahanga wa makosa makubwa nchini Kongo, na mfuko wa FONAREV upo kwa kazi hiyo. Jambo hili ni jema, lakini limewaamsha pia walaghai. Msimpe mtu yeyote fedha kwa ahadi ya kuandika jina la mzee katika orodha ya fidia. Ulizeni ofisini wenyewe, mkiwa wawili. Na viongozi wasimwahidi mzee malipo ambayo hayako mikononi mwao. Mzee aliyedanganywa na rafiki huumia kuliko aliyefukuzwa na adui.

6. Msaada usigeuke mbegu ya ugomvi mpya

Hapa ndipo kazi ya hisani na kazi ya amani hukutana, na wakati mwingine hugombana.

Fikirieni mtaa mmoja wa Manika. Kaskazini mwa barabara anakaa mwalimu wa Kasai aliyefukuzwa mwaka 1993 akarudi. Kusini anakaa mwalimu Msanga au Mlunda ambaye hakufukuzwa na mtu, lakini alibaki miaka akifundisha bila mshahara baada ya Gécamines kuanguka. Jirani yake ni mmoja wa wafanyakazi zaidi ya 10,000 walioachishwa na Gécamines kuanzia mwaka 2003 kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Gari la shirika likisimama upande mmoja tu wa barabara kila mwezi, watu wataanza kusema: "Hata msaada ni wao." Hapo tumelifufua neno la mwaka 1992 kwa mikono yetu wenyewe.

Kwa upande mwingine, tukisema "wote waliteseka sawa," tunamdhulumu aliyepoteza mtoto stesheni. Mateso hayakuwa sawa. Kukosa mshahara si sawa na kufukuzwa kama mdudu.

Njia ya katikati ni hii: huduma ya mwili igawiwe kwa kipimo cha uhitaji, bila kuuliza kabila. Mzee asiyeona apate miwani, awe Mluba, Mlunda, Mchokwe au Msanga. Lakini kazi ya hati na ya kutambuliwa ifuate ukweli wa yale yaliyompata kila mtu. Aliyefukuzwa aandikwe kuwa alifukuzwa. Na kamati inayochagua iwe ya watu wa pande zote, wanawake na wanaume, na majina yasomwe hadharani ili asiwepo wa kunong'ona.

Tusiwasahau wajane wa waalimu. Mara nyingi mume alikufa njiani au kwa majonzi, na mama akawalea watoto kwa kuuza sokoni. Hati za mume zinaweza kumpa haki yake. Mara nyingi ni yeye pia anayekumbuka vizuri zaidi miaka, majina na tarehe.

7. Mzee na vijana: kazi inayobaki

Kwa nini tunasema haya yote katika gazeti la amani? Kwa sababu hali inaweza kurudi. Vita vya Kasai vya miaka ya 2016 na 2017 viliwahamisha watu wapatao milioni 1.4 na kuharibu mamia ya shule. Wako waliofuata reli kuja kwetu, kutafuta usalama na kazi. Migodi ya shaba na kobalti inawavuta vijana kutoka kila upande. Na tunayasikia tena sokoni na katika pikipiki maneno ya "wenye nchi" na "wakuja". Waliozaliwa baada ya mwaka 1993 wanayatamka bila kujua yalikotupeleka.

Ni nani atakayewaambia? Mwanasiasa ana kura za kutafuta. Mzee aliyeyaona kwa macho, na ambaye pia anajua kufundisha, ndiye mtu wa kufaa. Huko Lubumbashi, Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu na wenzake wa chuo kikuu wameonyesha, kwa mradi wa kumbukumbu za mji huo, kwamba masimulizi ya watu wa kawaida ni historia yenye thamani. Kolwezi nayo ina masimulizi yake.

Lakini kusimulia kunahitaji kanuni. Sisi tunapendekeza hizi:

Mzee aulizwe kama anataka kusema, na aruhusiwe kunyamaza.

Wasikike angalau wazee wawili wa pande mbili katika kikao kimoja: aliyefukuzwa na aliyebaki. Aliyemficha jirani naye asikike.

Majina ya wanaoshukiwa mauaji yasitajwe mbele ya umati. Hayo ni ya mahakama na wachunguzi. Kikao cha mtaa hakina uwezo wa kumlinda mtu baada ya jina lake kutajwa.

Vijana waulize maswali mwishoni, wala wasihubiriwe.

Masimulizi yaandikwe kwa Kiswahili, lugha ya mji wetu inayotuunganisha sote, na nakala apewe mzee mwenyewe.

Nje ya vikao hivyo, mpeni mwalimu kazi ya kawaida. Elimu ya msingi ya shule za serikali ilitangazwa kuwa ya bure tangu Septemba 2019, na madarasa yakajaa mno. Mzee anaweza kukaa saa moja jioni na watoto wanane wanaoshindwa kusoma. Anaweza kuwasaidia majirani kuandika barua na maombi. Akina mama wanaojifunza kusoma wanaweza kumlipa kidogo kidogo, kwa vitu au kwa fedha. Siku ambayo mtoto wa yule aliyeichukua nyumba yake atamwamkia "Shikamoo Mwalimu" na kumletea daftari lake, kitu fulani kitakuwa kimetengenezwa ambacho hakuna ofisi inayoweza kukitengeneza.

Wazee wa Waswahili walisema: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mwalimu aliyekuja Katanga kama mgeni aliponya ujinga wa watoto wa wenyeji. Sasa yeye ndiye mgonjwa, na zamu ya mwenyeji imefika.

8. Kazi ya kikundi

Kabla ya mkutano wenu ujao, fanyeni mambo manne: (1) andikeni majina ya waalimu na wajane wa waalimu wenye miaka zaidi ya 65 katika mtaa wenu, wa makabila yote, (2) chagueni watu wawili wa kumtembelea kila mmoja, kijana mmoja na mtu mzima mmoja, (3) anzeni daftari la historia ya kazi kwa wale waliopoteza hati, (4) peaneni habari na shefu wa mtaa na ofisi ya uratibu wa shule, ili kazi isionekane kuwa ya siri.

Maswali ya kujadiliana:

1. Ni neno gani la dharau juu ya kabila lingine linalotumika leo katika mtaa wetu? Nani analitumia, na nani anaweza kumwambia aache?

2. Katika mambo manne tuliyoyataja, yaani mwili, hati, kazi na jina, ni lipi tunalolisahau zaidi tunapowasaidia wazee?

3. Tukigawa msaada kesho asubuhi, ni nani atakayeona kwamba ameachwa? Tutamweleza nini kabla hajauliza?

4. Nani katika familia yetu alifundishwa kusoma na mtu aliyefukuzwa mwaka 1992 au 1993? Je, mwalimu huyo yu hai? Yuko wapi?

Swali hili la nne msilijibu kwa haraka. Rudini nalo nyumbani, mwulizeni baba, mwulizeni mama, mwulizeni shangazi. Kila jina litakalopatikana liletwe katika mkutano unaofuata, na kazi ya daftari ianze na jina hilo.